Nilivyokwenda Kuposa na Eshapoma Mpya

Jamani, leo nimefedheheka, tena hadharani. Nimefedheheka mbele ya mama, mbele ya mjomba, mbele ya bibi mmoja ambaye hata yeye haukumbuki umri wake, na mbele ya Zaituni. Nawaandikia haraka kwa sababu Biryogo, mtaa wetu hapa Kigali, naijua. Kesho basi la kuja huko Bujumbura litabeba abiria wasiopungua wanne wenye kisa hiki mdomoni, na kila mmoja atakuwa na chumvi yake. Bora mkipate kwangu kikiwa kibichi. Msomeane, halafu karatasi muichane.

Mnanijua. Mimi si mtu wa kutembea. Tulipokuwa sekondari nyinyi mlikwenda mpirani, mimi nikabaki bwenini nikiwashonea vifungo. Mpaka leo niko vilevile: cherehani, redio, chai ya tangawizi, basi. Na siku hizi hata wale waliokuwa hawatulii wametulia. Jua likishuka kila mtu yuko kwake, komeo mlangoni, masikio nje. Mji mzima umekuwa kama mimi, ila mimi nilianza zamani.

Pikipiki sikuinunua. Aliniachia kaka yangu alipohamia Goma, Mjapani mwekundu aliyechakaa, rimu zina kutu kama sufuria la shughuli. Nyumbani kwetu haifiki kwa sababu njia ni ngazi za mawe. Kwa hiyo naiweka chini barabarani, ubavuni mwa nyumba ya Mzee Selemani mwenye duka la vyombo. (Ndiyo. Ndiyo hiyo nyumba ya kina Zaituni. Tulieni.)

Safari zake ni kwenda msikitini na kurudi. Lakini kila jioni nashuka, naiwasha, naiacha ingurume palepale, "betri isilale." Betri ni nzima! Nanguruma mpaka Zaituni achungulie mlangoni na kusema, "Halidi, bado tu unaipasha moto?" Nami najibu, "Bado kidogo." Halafu nazima, napanda ngazi, nalala na hayo maneno machache kama mtu aliyeandikiwa shairi. Mwaka mzima mapenzi yangu yamekuwa ni hayo.

Sasa, Alhamisi, Mzee Selemani akaniita. Mzee ni mtu wa Kibungo, huko mashariki mbali na mji. Kiswahili alikipata ukubwani, dukani, na kila kitu kwake ni "iko": mtu iko, sufuria iko, mvua iko. Akaniweka kando, uso umekunjamana.

"Haridi," akasema, "Jumapiri ukuje hapa na mukubwa wako. Inafaa tuongee hii maneno ya mahari. Mimi nimechoka kungojea."

Nikahisi barabara inainuka.

"Mahari, mzee?"

"Mahari! Unafikiri mimi sioni? Kira jioni naona. Nimenyamaza, nikasema huyu kijana iko na akiri, atakuja kusema mwenyewe. Haukuji! Sasa nimesema mimi. Na pikipiki ukuje nayo, wakubwa waione."

Niambieni nyinyi, mlio na akili timamu, mngeelewa nini? Mzee kaona. Mzee kanyamaza. Mzee kachoka kungojea nijitokeze. Na mali niliyonayo anataka iletwe wazee waikague. Nilipanda zile ngazi bila kuzigusa. Usiku ule nilishona shati la mteja nikaliwekea mikono miwili ya kushoto.

Nilipomwambia mama, alikaa chini, akalia, akainuka, akaanza kukanda unga wa sambusa. Alhamisi! Kwa shughuli ya Jumapili! Kufika Ijumaa mchana nilikuwa nimeshapewa hongera na watu nisiowadai wala kuwajua.

Ijumaa hiyohiyo asubuhi nikaipeleka pikipiki Gisimenti, upande wa pili wa mji, kwa fundi mmoja anaitwa Deo. Yeye hutengeneza pembeni ya baa, na wateja wa baa humsaidia kwa ushauri.

"Nataka ipendeze," nikamwambia. "Kuna wazee wataiangalia."

"Wazee wa nini, patron?"

"Wa mahari."

Deo akaweka spana chini. "Ah! Basi hapo hatusafishi. Hapo tunabadilisha."

Akanionyesha bomba la moshi, lile tunaloliita eshapoma, lililotoka kwenye pikipiki kubwa ya mtu aliyekosana na mti. Refu, linang'aa, mdomo umefunguka kama tarumbeta. Nikajiona usoni mwake, nimepanuka mashavu, nikajipenda. Rimu, akasema, atazivua matairi, azikwangue kutu, azipige msasa, kisha azipulizie rangi ya fedha mpaka mtu ajinyolee ndevu ndani yake. Nikakubali yote. Mimi huyu, ambaye hata kubadilisha balbu huwa naomba siku mbili za kufikiri!

Leo asubuhi nikaenda kuichukua.

Jamani, rimu zilikuwa za dhahabu.

"Fedha iliisha dukani," Deo akasema. "Nimekuwekea dhahabu, bei ileile. Umepandishwa cheo."

"Imekauka?"

Akaigusa kwa kidole, kisha kile kidole akakificha nyuma ya mgongo. "Imekauka."

"Na eshapoma?"

"Hapo ndani kulikuwa na uchafu mwingi wa kuzuia mlio. Nimetoa wote. Sasa inapumua."

Nikapiga teke la kuwashia.

Ule haukuwa mlio. Ilikuwa ni habari. Ikanguruma, ikakohoa, halafu ikapiga moja: PAA! Nikatazama huku na huku nikitabasamu, nikingoja sifa. Kwenye baa hapakuwa na mtu. Wote walikuwa chini ya meza. Na hawakuwa wanatania, maana mmoja wao, baba mzima mwenye mvi, alikuwa amemfunika mkewe kwa mwili wake.

Tabasamu langu likakosa pa kukaa. Mji huu siku hizi unasikia risasi usiku, hauchezi na milio.

"Deo," nikasema, "nirudishie la zamani."

"La zamani nimelikata. Ndilo nililoungia hili."

Basi. Nikawaomba radhi wa chini ya meza mmoja mmoja, nikaondoka polepole. Nikagundua kwamba ukienda polepole na kwa ulaini, inanguruma tu. Ukiachia mafuta ghafla ndipo inapolipuka. Kwa hiyo nikaendesha kutoka Gisimenti mpaka mjini kama mtu aliyebeba mayai kwa meno.

Kwenye bariyeri, kile kizuizi cha askari barabarani, nikaachia mafuta ghafla. (Niliiona bunduki, mngefanyaje?)

"ZIMA!"

Nikazima. Nikanyoosha mikono juu, pikipiki ikaniangukia mguuni. Askari akanijia, akaizunguka, akaitazama rimu, akanitazama mimi.

"Hii ni nini?"

"Eshapoma, afande."

"Unaenda nayo wapi?"

"Kuposa."

Kitambulisho alikisoma kama kinachotoa harufu. Mwisho akasema, "Isukume. Mpaka pale kwenye kona. Nisiisikie tena maisha yangu yote."

Nikasukuma. Nikapita kona aliyoitaja, nikapita na nyingine ya hiari, nikafika Biryogo shati limenigandia na mguu nauburuta, nikaiacha barabara ya juu, ngazi zetu zinapoishia.

Nyumbani mjomba Hamisi alikuwa ameshafika kutoka Muhima, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mjomba Hamisi ndiye msemaji wa ukoo. Amewaposea watu wengi, hajarudi mikono mitupu hata mara moja, na siri yake ni kwamba hataji kitu kwa jina lake. Kwake binti ni nafasi, harusi ni kutulia, na mkwe ni mwenye nyumba. Anazunguka na kuzunguka, mpaka wazazi wa binti wanakubali ili apumzike.

Nikamwambia, "Mjomba, tushuke kwa miguu, ni hapo tu. Pikipiki nitaisukuma."

"Kusukuma?" Akacheka. "Mzee kasema aione. Umpelekee kwa kuikokota kama mbuzi wa kafara? Washa, mwanangu. Tunazunguka kwa juu, tunatokea barabarani, tunaingia kama watu."

"Mjomba, inalia sana."

"Mali husikika."

Akapanda nyuma, akakusanya kanzu yake mapajani. Mama na wanawake wa jirani wakashuka ngazi na sinia la sambusa na kreti ya soda, watupokee huko chini. Nikaenda taratibu, taratibu, mpaka tukatokea barabarani. Watu walikuwa wamesimama milangoni. Mjomba akawapungia mkono! Na mimi, msinicheke, nikamwona Zaituni amesimama mlangoni kwa baba yake na kitambaa cha kijani kichwani. Mkono ukasahau maagizo yote.

PAA! PAA!

Ndani ya duka sufuria zilianguka, moja baada ya nyingine, na kifuniko kimoja kikaendelea kuzunguka sakafuni mpaka kila mtu barabarani akatamani kife. Madirisha yakafungwa. Milango ikafungwa. Wale waliokuwa wanapungiwa mkono hawakuwepo tena. Sinia la sambusa lilikuwa limesimama peke yake juu ya kreti, mama yuko nyuma yake amechutama.

Kifuniko kikalala.

Kisha sauti ya Zaituni kutoka ndani, inawatuliza watu:

"Tokeni. Ni Halidi tu."

("Tu"! Isikieni hiyo "tu." Mpaka sasa iko sikioni kama mbu.)

Tukashuka. Hapo ndipo nilipomwona mjomba kwa nyuma. Deo alisema imekauka, sivyo? Kanzu ya mjomba, kuanzia magotini kwenda chini, ilikuwa imepigwa mistari ya dhahabu, mizuri, iliyopangika, kama sare ya mpiga ngoma wa bendi. Nikafungua mdomo nimwambie. Akanyanyua kidole: "Sasa unyamaze. Kuanzia hapa nasema mimi."

Nikanyamaza. Laiti angejua.

Mzee Selemani alitukaribisha sebuleni, mkono mmoja kifuani. Kutoka chumba cha ndani tulimsikia mama yake, yule bibi, akisoma kila dua anayoijua. Walikuwa wamejaribu kumtoa chini ya kitanda, akasema atatoka akitaka. Pazia la mlango wa ndani lilikuwa linatikisika. Nje, chini ya dirisha, mama na jeshi lake wamekaa na vigelegele vyao mdomoni, wanangoja neno.

Mjomba akakohoa, akaanza.

"Mzee wetu, kijana huyu amezunguka, sasa anataka kutulia. Tumekuja kuomba nafasi ndani ya nyumba hii."

Mzee akaruka kwenye kiti. "Ndani? Ndani hapana! Sisi tutarara wapi?"

Mjomba akatabasamu kwa utulivu. Mzee kukataa mara ya kwanza ni adabu. Anayekubali papo hapo anaonekana alikuwa anatafuta pa kumtua binti yake.

"Mkimzoea mtampenda," akasema.

"Nimezoea sana! Iko hapa kira siku. Jioni iko naria chini ya dirisha ya mama yangu. Naria, naria! Mama harari."

Mjomba akanigeukia taratibu. "Huwa unalia?" akaninong'oneza.

"Silii," nikanong'ona. Lakini moyoni nilifurahi. Nilidhani Mzee naye ni fundi wa mafumbo, ananisema mimi kwa kuisema pikipiki. Nikasema kimoyomoyo: hapa mjomba kakutana na mwenzake.

"Ni mapenzi hayo, mzee wangu," mjomba akajibu. "Akipata anachokitafuta atanyamaza."

"Na moshi! Iko natoa moshi mingi, nguo za mama zote zinanuka."

"Moshi ataacha," mjomba akasema kwa ukali, akinitazama. (Sijavuta sigara hata moja tangu nizaliwe!) "Vijana wengi huacha wakishatulia."

"Na asubui iko namwaga pare chini. Nimeweka kopo. Kopo inajaa!"

Mjomba akafumba macho. Nikaona midomo yake inatembea, nadhani alikuwa anamwomba Mungu ampe lugha. Amewaposea wavivu, amewaposea vipofu, lakini huyu wa kopo alikuwa wa kwanza.

"Kila mtu na udhaifu wake," akasema kwa sauti ndogo.

"Iko na miaka ngapi?"

"Ishirini na saba, kwa uwezo wake Mola."

"Ishirini na saba!" Mzee akajipiga paja. "Ndiyo sababu! Na bado inatembea?"

"Anatembea vizuri. Ila zaidi ni mtu wa nyumbani."

"Ingekuwa ya mimi, ningeuza vyuma."

Hapo mjomba alivuta pumzi yote iliyokuwemo sebuleni. Yule ni damu yangu, hata kama hakuniamini tena. Akaketi wima, mistari yake ya dhahabu ikametameta.

"Mzee wetu, kasoro zake tumezisikia. Nyingine hatukuzijua, tutazizungumza naye nyumbani. Lakini ni wetu, hatumtupi. Sasa tunaomba tusikie habari ya mahari."

Uso wa Mzee Selemani ukafunguka kama dirisha. "Ehee! Hiyo ndiyo nimewaitia!" Akasimama, akasukuma mbao za dirisha la uani, akanyoosha kidole. "Mahari ire pare. Nyuma ya choo."

Huko nje mama alisikia neno moja tu. Akapiga kigelegele. Wenzake wakakipokea, kikaenda, kikarudi.

Mjomba akachungulia uani. Nami nikachungulia. Kulikuwa na choo. Nyuma ya choo kulikuwa na banda la kuku, na katikati kipande cha ardhi kilichofagiliwa kikafagilika.

"Mahari," mjomba akasema polepole, "iko nyuma ya choo?"

"Nimefagia mwenyewe asubui."

"Mzee wangu... mahari tunatoa sisi."

"Ninyi mutoe nini? Mahari ni ya mimi, ndani ya kiwanja yangu. Nawapatia bure!"

"BURE!" mama akapiga ukelele dirishani. Jamani, vile vigelegele! Vilisikika, nadhani, mpaka Kicukiro. Mtu mmoja akaanza kupiga kreti kama ngoma. Na mimi, mpumbavu mkubwa, nikainuka nimbusu mkono Mzee, macho yamejaa machozi, nikisema, "Ahsante, baba. Ahsante, baba."

"Baba?" akasema Mzee.

Nyuma ya pazia mtu akaishiwa pumzi. Kilianza kama kikohozi, kikawa kwikwi, kisha Zaituni akatoka, ameshika ukuta, anafuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Mjomba," akasema, "samahani. Baba hasemi mahari. Anasema maha-LI. Pahali. Pa kuweka pikipiki, mbali na dirisha la bibi."

"Si ndiyo nimesema?" akauliza Mzee Selemani. "Mahari."

Mjomba akashika kichwa.

Nyinyi mlioko mbali na Kinyarwanda huenda mmesahau: hiki hakina muda wa kutenganisha R na L, na mtu aliyekulia ndani yake husikia zote kuwa kitu kimoja. Mimi nilijua hayo! Mtu ambaye jina lake mwenyewe hulitamka "Seremani." Mtu ambaye mwaka mzima ameniita Haridi nikaitika! Na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ananisifu sikio. Lakini sikio, ndugu zangu, likitaka kuoa halisikii konsonanti.

Vigelegele bado vilikuwa vinaendelea nje. Mjomba akaenda dirishani kuvizima. Sikumsikia alichosema. Nilisikia tu vikipungua kimoja kimoja, mpaka kikabaki cha mama peke yake. Nacho kikakatika katikati.

"Sasa ninyi," Mzee akauliza, bado hajaelewa, "murikuja na mahari gani?"

Mjomba alijitazama. Kwa mara ya kwanza akaiona kanzu yake. Akashika pindo, akaligeuza, akalikung'uta, akaliachia. Nadhani hilo ndilo lililommaliza, maana alifanya jambo ambalo hajalifanya katika posa zake zote. Alisema moja kwa moja.

"Tulikuja kumwomba Zaituni."

Mzee Selemani akakaa.

Kutoka chumba cha ndani sauti ya bibi ikaita, "Nani huyo anamtaka Zaituni? Ni yule wa bunduki?"

"Ndiyo, mama," akasema Mzee.

"Yoo!" akasema bibi, akarudi kwenye dua.

Mzee akamtazama binti yake. Hakuwa na hasira, hilo niliseme. Alikuwa kama mtu aliyeagiza sinia akaletewa kitanda. "Weye Zaituni, hii maneno urikuwa unajua?"

Na Zaituni akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya kikombe:

"Sijui, baba. Hajaniuliza."

Jamani. Yale ya bariyeri si kitu. Ya kopo si kitu. Chumba kizima kilinigeukia: mjomba, Mzee, nyuso tatu dirishani, nadhani na kuku. Nami nikasimama pale nikagundua kwamba ni kweli. Nimepaka rimu rangi. Nimebadilisha bomba. Nimemwita mjomba, nimemkandisha mama unga, nimemwarifu mpaka askari wa bariyeri. Mtu mmoja tu katika Kigali nzima ndiye sikumwambia.

Nikafungua mdomo. (Mdomo wangu ungekuwa eshapoma, ungejibu.)

Mzee Selemani akanihurumia. "Haridi," akasema, "toa kwanza pikipiki, upereke mahari yake. Mengine Mungu anajua."

Nikatoka. Nikapita mbele ya mama, ambaye alikuwa anawagawia watu sambusa bila kuwaangalia usoni. Nikaisukuma pikipiki kupitia mlango wa uani, mguu unaniuma, ile rangi inanipaka viganja. Zaituni akanifuata, kwa sababu lazima mtu ashike ubao wa banda kuku wasitoke. Tukasimama pale nyuma ya choo. Mnaopenda kuuliza mahali penye mapenzi, basi ni hapo.

"Dhahabu," akasema, akiangalia rimu. "Nani kakwambia napenda dhahabu?"

"Fedha iliisha dukani."

Akauma mdomo asicheke. Kuku mmoja akapita katikati yetu.

"Halidi, una neno?"

"Ninalo."

"Liseme, basi. Mkono unanichoka."

Nikalisema. Lilivyotoka sitawaandikia. Lilitoka vibaya, limepinda, na neno moja nilirudia mara mbili, lakini ni langu na nililisema kwa mdomo wangu. Hakucheka. Nilimtazama vizuri, hakucheka. Alikuwa anaangalia ule ubao wa banda kama kitu kimeandikwa hapo.

"Tangu Alhamisi ulikuwa unafikiri baba ndiye kasema twende kwenye mahari?"

"Ndiyo."

"Na hukushangaa kwamba mimi nimenyamaza?"

"Nilidhani ni haya."

"Haya!" Akatikisa kichwa. Kisha akarudisha ubao, akapangusa mikono. "Nitakujibu Ijumaa. Uje mwenyewe. Bila mjomba, bila sambusa. Kwa miguu."

Akaingia ndani.

Ndiyo hayo. Sasa ni jioni, niko nyumbani, mahali ambapo zamani nilikuwa najua kukaa. Nimekaa kwenye cherehani nikasimama. Nimewasha redio nikaizima. Nimekwenda mlangoni, nimerudi, nimekwenda tena. Mjomba amelala chali, kanzu yake iko kwenye beseni, na rangi haitoki. Mama hanisemeshi, ila kila baada ya muda anasema peke yake, "Bure..." halafu anacheka, halafu anakumbuka kwamba amenuna. Na Ijumaa, ndugu zangu, iko mbali kuliko huko mliko.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja. Kicheko kishikeni mpaka mpate habari. Akisema ndiyo, chekeni mpaka majirani wawagongee ukuta. Akisema hapana, nitandikieni mkeka huko Bujumbura, na cheko lenu mlimalize kabla sijashuka kwenye basi.